KUOGA KATIKA MTO GANGA

Mto Ganga hutoka katika barafu ya milima ya Himalaya, nao huenda mwendo wa kilometa 2,500 hivi hata kuingia katika Ghuba ya Bengal. Wahindu huuita Mama, nao huamini ya kuwa mwenye kuoga humo huoshwa dhambi zake.

Nilifika usiku katika mji wa Varanasi, ambao zamani uliitwa Benares. Mwenyeji wangu aliniambia, "Bwana, ukitaka kuona, uamke kabla ya jogoo." Basi alfajiri tulipanda mashua. Mji wa kale umejengwa upande wa magharibi tu, maana hapo mto hugeuka ukaelekea kaskazini, na mwenye kuoga hulikabili jua linapochomoza. Ng'ambo ya pili ni mchanga mtupu. Ngazi za mawe, ziitwazo ghat, hushuka mpaka majini. Zapita 80, na kila moja ina jina lake.

Mtu huingia mpaka kiunoni, hujitosa, mara nyingi mara tatu, kisha huteka maji kwa viganja viwili na kuyamimina polepole huku akilielekea jua na kusali. Wanawake huoga na sari zao mwilini, nao wana ustadi wa kuvua nguo mbichi na kuvaa kavu hata mtu asione kitu. Nilimwona ajuza mmoja ameshikwa mikono na wanawe wawili, anatetemeka kwa baridi, maana ilikuwa Januari, wala hakukubali kutoka mpaka atimize. Karibu yake dobi alikuwa akipiga nguo juu ya jiwe, na vijana wakijipaka sabuni na kucheka. Nami nilidhani mahali patakatifu pangekuwa kimya! Mbele kidogo ni Manikarnika, ambapo maiti huchomwa mchana na usiku, na majivu hutiwa mtoni.

Kila miaka 12 huwa sikukuu kubwa huko Prayagraj, mahali Ganga na Yamuna zikutanapo. Mwaka 1954 mamia ya watu walikufa kwa kukanyagana; na tarehe 29 Januari 2025 wakafa tena wasiopungua 30.

Hatari nyingine imo katika maji yenyewe. Mwaka 1867 kipindupindu kilienea kutoka sikukuu ya Haridwar, watu waliporudi makwao. Walakini mwaka 1896 mtaalamu Hankin alieleza ya kuwa maji ya Ganga huua vijidudu vya kipindupindu, na baadaye ikajulikana ya kuwa yako maji yenye viumbe vidogo mno viangamizavyo vijidudu vya maradhi. Lakini viumbe hao hawawezi kushindana na uchafu wa vyoo na viwanda vya miji mikubwa. Serikali ya India ilianza kazi ya kuusafisha mto mwaka 1986, ikaongeza nguvu mwaka 2014, na kazi haijaisha.

Msomaji asidhani ya kuwa wenye kuoga ni wajinga wasiojua haya. Kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan pale Varanasi, Veer Bhadra Mishra, alikuwa pia profesa wa elimu ya nguvu za maji katika chuo kikuu. Mwaka 1982 alianzisha chama cha kuutetea mto, na baadaye pakawekwa maabara ya kuyapima maji yake penye Tulsi Ghat. Hivyo alizijua hesabu za uchafu kuliko wengi, na hata hivyo alishuka mtoni kuoga asubuhi, kwa kuwa dini yake ilimtaka hivyo. Alifariki mwaka 2013.

Tulipokuwa tukirudi, mwenye mashua alichota maji kwa kiganja akanywa, kisha akanipa chombo chake cha shaba nami nichote. Nilichota, nikayamimina juu ya kichwa changu. Sikunywa. Naye alinitazama, akacheka, akashika makasia yake.