Je, Wajua? Chura wa Panama Apungaye Mkono

Kwenye vijito vya milimani nchini Panama, hasa karibu na mji wa El Valle de Antón uliokaa ndani ya shimo la volkano ya kale, aliishi chura ambaye hakuwa na haja ya kujificha. Ni wa manjano ya kung'aa, wengi wao wakiwa na madoa meusi, na dume hazidi sana urefu wa sentimita 5. Mchana kweupe alitembea juu ya mawe polepole kama mwenye shamba akikagua mipaka yake. Wanasayansi humwita Atelopus zeteki. Wapanama humwita chura wa dhahabu.

Dhahabu hiyo haji nayo kutoka utotoni. Jike hutaga mayai kwa mamia, yaliyoshikana katika uzi mrefu, kwenye maji ya kina kifupi. Viluwiluwi wana kinyonyeo tumboni kinachowagandisha kwenye mwamba mkondo usiwasombe. Wakishageuka vyura hutoka majini wakiwa kijani chenye mabaka meusi, rangi inayofanana na mimea midogo iliyotanda kwenye mawe yenye unyevu. Umanjano huja baadaye, wanapokua.

Kuna jambo jingine la ajabu: hupunga mkono. Dume akimwona mwenzake ameingia kwenye eneo lake, huinua mguu mmoja wa mbele, huuzungusha hewani, kisha huushusha. Majike nao hupunga. Chura huyu hana kiwambo cha sikio, na anaishi mahali ambapo maji yananguruma mchana na usiku, kwa hiyo ishara ya kuonekana humfaa. Hata hivyo si kiziwi. Madume hulia, na wenzao husikia. Inadhaniwa kwamba sauti huwafikia kupitia mapafu.

Na ukimshika je? Ngozi yake ina sumu iitwayo zetekitoksini, ambayo muundo wake ulitangazwa mwaka 2004. Ni jamaa wa saksitoksini, ile sumu inayoweza kujikusanya kwenye kome na chaza pale mwani wenye sumu unapofurika baharini. Mishipa ya fahamu hupitisha taarifa kwa kuruhusu sodiamu iingie ndani ya seli kupitia vijitundu maalumu. Sumu hii huviziba. Misuli hulegea, pumzi hukatika. Rangi ya manjano ni onyo linalotolewa mapema, kabla mdomo wa adui haujafunguka.

Lakini onyo linamhitaji adui mwenye macho.

Mwaka 1999 wanasayansi waliipa jina kuvu inayoshambulia ngozi za vyura: Batrachochytrium dendrobatidis. Haioni manjano, wala haina mishipa ya fahamu ya kuzibwa. Vyura hunywa maji na kurekebisha chumvi za mwili kupitia ngozi. Kuvu ikishatanda, kazi hiyo huharibika. Sodiamu na potasiamu hupungua katika damu, na mwishowe moyo husimama. Mnyama ambaye silaha yake ni kuzuia sodiamu ya wengine hufa kwa kupungukiwa na sodiamu yake mwenyewe. Kuvu hiyohiyo ilikutwa pia kwa vyura wa Kihansi, Tanzania, walipopukutika mwaka 2003.

Huko Panama ilionekana ikija, ikisonga kutoka Kosta Rika kuelekea mashariki. Mwaka 2006, kituo cha kuwahifadhi vyura mjini El Valle kikiwa bado hakijakamilika, wahifadhi walikodi vyumba vya hoteli na kuwalaza vyura humo, wakiwasafishia na kuwalisha kila siku. Mwaka huohuo wapiga picha wa BBC waliwarekodi vyura wa dhahabu wakipungiana mikono porini, kwa ajili ya kipindi cha David Attenborough kilichorushwa mwaka 2008. Tangu takriban mwaka 2009 hakuna taarifa za uhakika za vyura wa asili kuonekana porini. Mwaka 2010 Panama ilitunga sheria ya kuitenga tarehe 14 Agosti kuwa siku yao.

Leo wanazaliana katika vituo vya Panama na bustani za wanyama za Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, baadhi yao walipakwa bakteria wa kupambana na kuvu, kisha wakaambukizwa. Bakteria hao hawakudumu kwenye ngozi, na vyura wengi walikufa. Wachache waliopona walipochunguzwa, ilibainika kwamba tangu mwanzo, kabla ya tiba yoyote, ngozi zao zilikuwa na mchanganyiko wa bakteria tofauti na wa wenzao.