Karantini kwa gharama ya nani?

Kiwanjani ni mtaa wa mji wa Isiolo uliopata jina lake kutokana na kiwanja cha ndege kilicho jirani. Kiwanja hicho kilitanuliwa na mwaka 2017 kikafunguliwa rasmi kuwa cha kimataifa. Ama maji, nyumba nyingi za mtaani bado huletewa kwa punda na mkokoteni, yakauzwa kwa mtungi wa lita 20.

Hebu, ndugu msomaji, tupige hesabu ndogo. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kama theluthi mbili za lita. Aila ya watu wanane wakishika ubahili huo huo, kwa sala tano itahitaji lita 27 kwa siku. Mtungi umekwisha na wa pili umeguswa, na hapo hajapikwa wali, hakujafuliwa, wala mtoto hajaoshwa. Na mnunuzi wa mtungi hulipa kwa kila lita zaidi ya mwenye bomba nyumbani.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020. Alikuwa ametoka Marekani kwa ndege, akapitia London. Amri zikafuata: nawa mikono kila mara, kaa mbali na mwenzio, baki nyumbani. Ni amri njema kwa mwenye bomba, vyumba vitatu na mshahara wa mwezi. Akina mama wa Isiolo wauzao maziwa ya ngamia, wanaoyapeleka hadi Eastleigh, Nairobi, wangebakije nyumbani? Maziwa hayangoji.

Lakini lililonishangaza zaidi ni la karantini. Miezi ya mwanzo, aliyezuiliwa kwa kushukiwa ana ugonjwa alitakiwa ajilipie malazi na chakula cha siku zote hizo. Basi maskini gani atajitokeza apimwe? Mwenye kikohozi alinyamaza, akaenda kibaruani, akapanda matatu, na maradhi yakapanda pamoja naye. Serikali ilikuja kuubeba mzigo huo mwezi wa Mei, na mwezi huo huo Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa pamoja na Eastleigh. Watu wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa siku hizo. Mwenye akiba alijifungia nayo, na kibarua wa bandarini akajifungia na njaa.

Isiolo neno karantini si geni. Wakati wa ukoloni ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa hapo, wakachunguzwa homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini, ili mifugo ya masetla isiambukizwe. Aliyekingwa ni setla. Aliyengoja, ng'ombe wake wakikonda na bei ikishuka, ni mfugaji. Si ajabu wengine walipitisha mifugo yao vichochoroni usiku, na ugonjwa ukapita humo humo.

Sisi wa pwani tuna kisa chetu. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu watu huko, alikifuatilia hadi bara, akaonyesha kuwa kilipita nchi ya Wamasai, kikafuata misafara hadi Pangani, kisha kikavuka bahari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Mjini watu walikunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo, na waliokufa kwa wingi ni watumwa na mafukara. Lakini kisima kichafu hakijui mpaka wa mitaa, na nyumba za matajiri nazo zikaliliwa matanga.

Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, baadaye alivuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji kwa mfereji hadi mjini, kwa fedha za hazina yake. Hakumwambia mtumwa achemshe maji ya kisima.

Kipindupindu kilizuka tena Kenya mnamo Oktoba 2022. Nasaha zilikuwa zile zile: chemsheni maji, naweni mikono. Kiwanjani makaa nayo, kama maji, hununuliwa kwa kipimo.