Kompyuta inayozimika: Faili moja lilivyotikisa soko, na funzo kwa mwenye duka

KOMPYUTA inayowaka, ikafanya kazi kwa dakika moja au mbili, kisha ikazimika na kuanza upya ni tatizo lililozoeleka katika maduka na ofisi nyingi. Wengi hulichukulia kuwa ni kero ya fundi. Hata hivyo, tukio la Julai 2024 lilionyesha kwamba ni suala la faida na hasara, na kwamba athari zake zinaweza kufika hadi soko la hisa.

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, inayouza programu za kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi, ilituma kwa wateja wake faili dogo la marekebisho. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilizimika na kuonyesha skrini ya bluu. Kila zilipojiwasha zilisoma faili lile lile, zikazimika tena. Kampuni ililiondoa faili hilo saa 2:27, yaani dakika 78 baadaye, lakini madhara yalikuwa yamekwishatokea.

Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, idadi ambayo ni chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows duniani. Tatizo ni kwamba nyingi zilikuwa katika mashirika ya ndege, benki na hospitali. Shirika la ndege la Delta la Marekani lilifuta safari zipatazo 7,000 kwa muda wa siku tano, na mkuu wake, Ed Bastian, alitaja hasara ya dola milioni 500.

Soko halikusubiri maelezo. Hisa za CrowdStrike katika soko la Nasdaq, ambazo Alhamisi zilifunga kwa dola 343, zilishuka kwa asilimia 11 hadi dola 305 siku ya tukio, na zikashuka kwa asilimia 13 nyingine Jumatatu iliyofuata.

Ripoti ya kampuni iliyotolewa Agosti 6, 2024 ilieleza chanzo. Sehemu moja ya programu ilitarajia kupewa taarifa 21, ikapewa 20. Ilipoitafuta ya 21, ilisoma mahali pasipo pake katika kumbukumbu ya mashine, na Windows ikasimamisha kila kitu ili kujikinga. Hakuna kifaa kilichoungua. Dawa ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali salama, kulifuta faili hilo na kuiwasha upya.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa mfanyabiashara mdogo. Mashine inayozimika mara kwa mara si lazima iwe imekufa, na anayekimbilia kununua nyingine, au kulipia bodi mpya kabla chanzo hakijajulikana, anaweza kutupa mtaji wake bure.

Muda wa kuzimika ni dalili

Jambo la kwanza ni kuangalia mashine inazimika wakati gani. Ikizimika kabla nembo ya Windows haijatokea, vya kushukiwa ni umeme, pawa saplai, vijiti vya kumbukumbu ambavyo mafundi huviita ramu, au bodi kuu. Ikizimika wakati Windows inapakia au mara baada ya kufunguka, mshukiwa wa kwanza ni programu, hasa iliyoingizwa au kubadilishwa siku za karibuni. Ikidumu dakika kadhaa kisha ikazimika ghafla, na ikiwashwa papo hapo inadumu muda mfupi zaidi, basi joto ndilo la kutazamwa.

Jambo la pili ni hali salama, ambayo huiwasha Windows na programu chache za lazima tu. Windows ya miaka ya karibuni ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na hapo mtu anaweza kuichagua hali hiyo. Mashine ikitulia humo, kwa kiasi kikubwa vifaa vyake ni vizima na kosa liko kwenye programu. Wakati huo huo, mwenye mali anakili daftari la mauzo, orodha ya wadaiwa na hesabu za bidhaa kwenye flashi au diski ya nje kabla fundi hajagusa chochote. Baada ya hapo huondolewa programu au marekebisho ya mwisho.

Aidha, Windows imepangwa kujiwasha upya inapopata kosa kubwa, hivyo maandishi ya skrini ya bluu hupita kabla hayajasomeka. Katika ukurasa wa matengenezo upo uwezekano wa kuzuia kujiwasha huko. Namba ya kosa ikishaandikwa kwenye karatasi, fundi hapati nafasi ya kubahatisha.

Kwa upande wa joto, vumbi kwenye feni ndilo adui mkubwa. Vichakataji vingi hujizima joto linapopita kiasi. Kusafisha feni na kubadilisha pesti ya kupitisha joto ni kazi ya gharama ndogo. Ramu huchunguzwa kwa kutoa kijiti kimoja kimoja na kuwasha tena, na pawa saplai kwa kuazima nzima kutoka mashine nyingine inayolingana nayo. Kazi hizi zote hufanywa mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Bodi kuu ndiyo ya mwisho kushukiwa, ingawa nayo huharibika. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu. Kapasita za aina hiyo huvimba kichwani au kuvuja, na jicho lenye makini huweza kuziona.

Ufunguo wa tarakimu 48

Mwaka 2024 kampuni nyingi zilikwama si kwa ugumu wa dawa, bali kwa kukosa ufunguo. Diski zilizofungwa kwa BitLocker hudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo. Kompyuta nyingi mpya za Windows hujifunga hivyo, pengine bila mwenyewe kutambua, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft. Asiyeweza kuupata, hesabu zake hazisomeki tena hata kama diski ni nzima. Hivyo ni busara kuuchapa leo na kuuweka kabatini pamoja na leseni ya biashara.

Kwa wawekezaji, mwendo wa hisa za CrowdStrike nao una maelezo yake. Baada ya kushuka hadi mwanzoni mwa Agosti 2024, zilipanda tena, na mapema mwaka 2025 zilikuwa zimepita bei ya kabla ya tukio, ingawa Delta ilikuwa imekwenda mahakamani kudai fidia. Kufikia Julai 29, 2024, kampuni ilisema takriban asilimia 99 ya kompyuta za wateja wake zilizotumia Windows zilikuwa zimerudi kazini. Kosa lilijulikana, lilikuwa na mipaka na lilitibika. Waliouza kwa hofu mwanzoni mwa Agosti waliuza kwa bei ya chini, sawa na mwenye duka anayeuza mashine kwa bei ya chuma chakavu kumbe kilichohitajika ni kufuta programu moja.