"Chemirocha": Santuri ya Kapkatet na Suala la Tafsiri

Utohozi unapojadiliwa, mifano aghalabu hutolewa katika msamiati wa dini, biashara na teknolojia. Hata hivyo, jina la mtu pia huweza kutoholewa, likaota mizizi ugenini na kupata maana ambayo mwenye jina hakuijua. Mfano mzuri unapatikana katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet.

Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, kati ya Litein na Sotik, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Tatu kati ya hizo zina jina "Chemirocha". Wa tatu uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana, ukisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo na obokano ya Wakisii. Nyimbo hizo zilihifadhiwa katika Sound of Africa, mfululizo wa santuri zaidi ya 200.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers (1897–1933), Mmarekani aliyepiga gita na kuirusha sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba. Santuri zake zilisikika kwa gramafoni hata miongoni mwa Wakipsigis. Kifonolojia, badiliko la jina linaeleweka: lugha ya Kipsigis haitofautishi vipasuo ghuna na visoghuna, hivyo "j" ikawa "ch". Kimofolojia, silabi ya kwanza inafanana na kiambishi cha majina ya kike, kama vile Chebet na Cherono. Mgeni akavishwa vazi la wenyeji.

Utata umo katika maana. Tracey alieleza kwamba wasichana hao walimwona Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakamwalika acheze mpaka nguo zimvuke. Maelezo hayo yakasafiri pamoja na santuri. Katika muongo wa 2010, maktaba ya muziki ambayo Tracey aliiasisi mwaka 1954 nchini Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi hizo kwa wenyewe. Huko ilielezwa kwamba "chemirocha" lilikuwa neno la kutajia jambo lolote jipya na la ajabu.

Tofauti ya tafsiri hizi si ndogo. Ya kwanza inawachora Wakipsigis kama watu walioduwazwa na mashine. Ya pili inawaonyesha kama wenye lugha waliopokea kitu kigeni, wakakipa jina na kukitungia wimbo. Isitoshe, waitikiaji wanatajwa kwa jumla tu, kama "wasichana wa Kipsigis".

Kwa hiyo, kunasa sauti si sawa na kunasa maana. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani hana budi kuandika majina ya wasanii wote, na kuwauliza wenyewe maana ya wanachokiimba kabla ya kuwasemea.