Mafuta ya Karafuu: Kemia, Tiba na Tatizo la Istilahi

Harufu ya makonyo yanayokenekwa katika kiwanda cha Wawi, Pemba, hutokana hasa na eugenoli (C₁₀H₁₂O₂), kampaundi ya kundi la fenoli ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya asilimia 70 ya mafuta ya karafuu. Eugenoli hutia ganzi neva na kuharibu utando wa seli za bakteria. Matabibu wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kupata kijazio cha muda. Bibi aliyebana karafuu kwenye jino bovu hakukosea.

Hata hivyo, watoto wadogo waliomeza kiasi cha mililita 10 tu wamewahi kupoteza fahamu na kuharibika ini. Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Kwa msomaji wa kawaida, mafuta ni ya nazi au ya alizeti, nayo huliwa. Ya karafuu ni ya jinsi nyingine kabisa: ni mchanganyiko wa kampaundi zinazovukiza upesi. Tafsiri "mafuta muhimu", inayotumika katika baadhi ya maandishi, huzidisha utata. Kivumishi cha Kiingereza kilichotafsiriwa kilirejelea kiini cha mmea, yaani harufu yake, wala si umuhimu wake mwilini. Mzazi asomaye "muhimu" ataogopaje kijiko kimoja?

Tunapendekeza istilahi "mafuta mvuke", kwa kuwa hupatikana kwa mvuke na huishia hewani. Chini yake, lebo itamke wazi: hayanywewi.