Chuo Kikuu, Kiwanda na Sikio la Binadamu

Kijana anayehamisha wimbo kutoka simu moja hadi nyingine hutumia matokeo ya utafiti uliochukua zaidi ya miaka kumi, uliofanywa kwa pamoja na chuo kikuu, taasisi ya utafiti na viwanda vya nchi kadhaa. Muundo huo wa kuhifadhi sauti huitwa MP3. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ulivyopatikana, kwa kuwa historia yake yatupa kipimo cha kuupimia ushirikiano wowote kati ya wasomi na wenye viwanda: nani alileta swali, nani alileta fedha na mitambo, na nani hakukumbukwa wakati wa mavuno.

SAUTI KAMA TARAKIMU

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ili kompyuta iweze kuihifadhi, mtetemo huo hupimwa mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ziitwazo biti. Katika sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huchukua biti 16, na njia za sauti ni mbili, ya kushoto na ya kulia. Msomaji akizidisha atapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde ya muziki. Laini ya simu ya tarakimu iliyokuwa ikitayarishwa Ulaya wakati huo ilikuwa na njia mbili, kila moja ikipitisha biti 64,000 kwa sekunde. Muziki basi ulizidi uwezo wa laini nzima mara 11.

SWALI LILILOKOSA MTEJA

Katika miaka ya 1970, Profesa Dieter Seitzer wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg, katika Ujerumani ya Magharibi, alianza kushughulikia namna ya kupitisha sauti nzuri katika waya za simu. Alipoomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa ajili ya kupitisha muziki kwa njia hiyo, ombi lilikataliwa: mchunguzi aliona kuwa jambo hilo haliwezekani. Seitzer hakuliacha swali lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimkabidhi mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg, ambaye alilifanya kuwa kazi ya shahada ya udaktari na kuikamilisha mwaka 1989.

Jibu lilitegemea elimu ya usikivu. Huko Munich, Eberhard Zwicker alikuwa ametumia miaka mingi kupima mipaka ya sikio. Tunajua sote kwamba mtu akinong'ona kando ya mashine ya kusaga unga hasikiki, ingawa mnong'ono upo. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo, hasa iliyo karibu nayo kwa kimo, na pia ile inayoitangulia au kuifuata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mtambo wa MP3 huigawa sauti katika mafungu membamba, hukadiria kipi kitafunikwa katika kila fungu, kisha huandika vipimo kwa usahihi pale tu ambapo sikio lingegundua kasoro. Kwa njia hii biti 128,000 kwa sekunde huweza kutosha mahali palipohitaji 1,411,200. Wimbo wa dakika tatu, uliochukua baiti milioni 32 hivi, huchukua chini ya milioni 3.

VIWANDA VYAINGIA

Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg na taasisi ya Fraunhofer ya mji huohuo viliungana katika mradi wa Ulaya wa kutayarisha redio ya tarakimu. Shirika la Fraunhofer, lililoanzishwa mwaka 1949, hufanya utafiti kwa mikataba na viwanda. Lilipewa jina la Joseph von Fraunhofer, aliyekuwa mtengenezaji wa vioo na mwanasayansi kwa wakati mmoja. Baadaye makampuni ya Thomson ya Ufaransa na AT&T ya Marekani yalishiriki, na Brandenburg akaenda kufanya kazi katika maabara za AT&T.

Mwaka 1988 kiliundwa kikundi cha kimataifa cha wataalamu, MPEG, kitayarishe kiwango kimoja cha picha na sauti za tarakimu. Mapendekezo yalishindana, yakajaribiwa kwa masikio ya wasikilizaji, na kiwango kikachapishwa mwaka 1993 kikiwa na matabaka matatu ya sauti. Tabaka la tatu ndilo MP3. Hataza zake ziliiletea Fraunhofer mamilioni ya Yuro kabla ya mpango wa leseni kufungwa mwaka 2017.

ASIYEKUWA MEZANI

Kazi ya kikundi kile ilikuwa ya kihandisi: biti chache iwezekanavyo kwa sauti nzuri iwezekanavyo. Namna mtunzi wa wimbo atakavyolipwa haikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 1999 ilipotokea programu ya Napster, iliyoandikwa na kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, mamilioni ya watu walianza kubadilishana nyimbo bila malipo. Mahakama ziliifunga mwaka 2001, lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kuenea. Katika miji yetu pia, vibanda vya kujaza nyimbo katika kadi za simu vilifanya biashara ambayo mwimbaji hakuona hata senti yake.

Funzo hili latuhusu sasa. Makampuni yanakusanya sauti na maandishi ya Kiswahili ili kuzifundisha kompyuta kusikia na kusema, na vyuo vyetu vinaombwa kusaidia. Ushirikiano huo ni jambo la kutamaniwa, kwani mitambo inayohitajika ni ghali kupita bajeti ya idara yoyote. Lakini Erlangen iliingia katika ushirikiano ikiwa na swali lake yenyewe, na watu waliolisomea kwa miaka mingi. Chuo kinachoingia kikiwa na wasemaji wa kurekodiwa tu kitalipwa kama mtoa malighafi.

Yafaa basi, kabla ya sahihi kutiwa, mkataba ueleze mambo matatu: swali gani la utafiti litabaki mikononi mwa chuo, nani atamiliki rekodi na matokeo yake, na msemaji aliyetoa sauti yake atapata nini. La tatu ndilo lililosahauliwa katika muziki, na gharama yake wangali wanailipa waimbaji.