Jina Lako Limo Kitabuni

Sensa ya mwisho ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Aliyezaliwa Nyabiondo, wilayani Masisi, au Mubi, wilayani Walikale, huko Kivu Kaskazini, baada ya hapo hajawahi kuhesabiwa katika sensa ya taifa. Akiwa Mkatoliki, parokia inamjua.

Kitabu cha ubatizo humpa kila mtoto mstari wake: namba, jina, wazazi, msimamizi, tarehe, sahihi ya padri. Pembeni huachwa nafasi, kwani sheria ya Kanisa inadai kipaimara na ndoa viandikwe hapohapo. Ndiyo maana anayetaka kufunga ndoa Goma huulizwa kwanza alikobatizwa, na aliyekwisha kufunga nyingine kijijini huumbuka.

Serikali nayo ina daftari lake. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, bila malipo. Sawa, lakini Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Mama aliyejifungulia huko msimu wa mvua humpata katekista kabla ya karani. Hata hivyo vitabu vya ubatizo havina kila mtu: Wapentekoste wa kanisa la CEPAC hawabatizi watoto wachanga.

Ayalandi inaijua hali hii ya kutegemea kitabu cha parokia. Kati ya 1845 na 1849 viazi viliozea shambani kwa ugonjwa uleule unaowasumbua wakulima wa Masisi, ambao huuita mildiu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi wakavuka bahari. Mwaka 1922 hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliteketea pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Leo vitukuu walioko Marekani huwatafuta wazee wao katika vitabu vya parokia za vijijini.

Lakini vitabu vya parokia navyo vinaweza kupotea: Masisi, vita haviheshimu altare. Mokoto, monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa 1954, ilivamiwa Mei 1996. Wakimbizi waliojihifadhi humo waliuawa na watawa wakahama. Mapema 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-kati, kisha Walikale-kati.

Kitabu kikiungua, Kanisa huridhika na shahidi mmoja asiye na upendeleo, au kiapo cha mhusika kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Kwa serikali, aliyepitwa na siku 90 hutakiwa kuleta hukumu ya mahakama, na nauli ya kuifuata mjini ni juu yake.